Herufi zilizopotea wakati wa giza: kisa cha darasa la pili, mwambao wa Kigoma

Kisa hiki ni cha darasa la pili katika shule ya msingi iliyoko mwambao wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa mji wa Kigoma. Kilitokea wakati wa mazoezi ya kufundisha, yale ambayo wanachuo wa ualimu wanayaita BTP, na mhusika wake ni mwanachuo wa stashahada niliyekuwa nikimsimamia. Jina lake nimeliacha, la shule vilevile. Nakiandika kwa ajili ya wanachuo wanaojiandaa kwenda BTP na walimu wa madarasa ya chini, maana kinaonyesha kazi ambayo vyuoni tunaipa muda mdogo mno: kujua kila mtoto amekwama wapi, kabla ya kuhangaika na zana na mbinu.

Darasa lilikuwa na watoto karibu mia moja, wakati uwiano unaotakiwa ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Wa mbele walikaa sakafuni. Vitabu vya kusoma vilikuwepo, kimoja kwa watoto watatu au wanne, na ukutani palikuwa na chati za silabi zilizoandikwa vizuri kwenye mifuko ya saruji. Mwalimu wa darasa, mama mwenye uzoefu mrefu, alimpokea mwanachuo kwa mikono miwili na kumpa tahadhari mapema. Humu ndani, alimwambia, kuna kama thelathini hivi wa mwaloni, kule ufukweni mitumbwi ya wavuvi inakoshusha samaki. Ni wazito, na kwao hakuna anayewafuatilia. Ukiwangoja hao, hutamaliza azimio lako la kazi, yaani mpango wako wa nini kifundishwe lini.

Siku za mwanzo zilikwenda vizuri. Kusoma kilikuwa kipindi cha kwanza, saa mbili asubuhi. Mwanachuo ananyoosha kijiti kwenye chati, darasa zima linaitikia: ba, be, bi, bo, bu. Sauti inafika mpaka barabarani. Anayepita nje angeapa kwamba watoto hawa wanasoma.

Kilichomzindua ni debe. Alikuwa akizunguka kati ya vikundi, akamwinamia mvulana mmoja na kumwomba amsomee ukurasa. Palikuwa na picha ya debe la bati, na chini yake neno limeandikwa kwa herufi kubwa: debe. Mtoto akasoma kwa sauti ya kujiamini, "Ndoo." Akafungua ukurasa mwingine wenye picha ya nyumba, akasoma "nyumba," sahihi kabisa. Mwanachuo akaifunika picha kwa kiganja na kumwomba arudie. Mtoto akanyamaza. Alikuwa anasoma picha, na kwa kuwa mara nyingi picha na neno hukubaliana, hakuna aliyewahi kumgundua.

Kuitikia kwa pamoja kuna kazi yake. Mtoto mwenye aibu hupata ujasiri, na masikio huzoea sauti. Lakini watoto arobaini wanaojua wanatosha kuwabeba sitini wasiojua, na mwalimu anayesikiliza darasa zima kama sauti moja hawezi kujua nani kabebwa. Kwa hiyo mwanachuo aliamua kumsikiliza kila mtoto peke yake. Alikata maboksi ya katoni akatengeneza kadi, moja kwa kila herufi kati ya zile 24 za Kiswahili, bila picha yoyote. Darasa likiwa linaandika zoezi chini ya uangalizi wa mwalimu wa darasa, yeye alikaa na mtoto mmoja mmoja chini ya mwembe, dakika mbili au tatu kwa kila mmoja, wachache kwa siku. Sauti ya hii? Na hii? Ukiziunganisha hizi mbili?

Majibu aliyaweka kwenye karatasi kubwa. Majina yalishuka upande wa kushoto, herufi zikapangwa juu kwa utaratibu ambao darasa lilizifundishwa tangu mwaka uliotangulia. Aliyejibu mara moja alipewa alama ya vema, aliyesitasita akapewa nukta, asiyejua nafasi yake ikaachwa wazi. Jedwali hili halihitaji kompyuta wala fedha za ruzuku, ambayo kwa shule ya msingi hukokotolewa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Linahitaji karatasi, rula na uvumilivu wa karibu wiki mbili.

Lilipojaa, ndipo kisa kilipoanza hasa.

Mtoto ambaye kweli anapata shida ya kujifunza kusoma huwa na mapengo yaliyotawanyika: leo anaijua hii, kesho imempotea, anachanganya b na d, anarudi nyuma. Wachache wa aina hiyo walionekana kwenye jedwali. Lakini wale thelathini wa mwaloni hawakuwa hivyo hata kidogo. Irabu zote wanazijua. Herufi kadhaa zinazofuata wanazijua barabara. Kisha zinakuja tatu au nne zilizo wazi, karibu kwa wote, halafu wanazijua tena, halafu wazi tena. Ukiitazama karatasi kwa mbali ungeona mistari miwili mitatu mieupe ikishuka kutoka juu hadi chini. Watoto thelathini hawawezi kuwa wazito kwa herufi zilezile. Kuna kitu kiliwapata wote kwa wakati mmoja.

Dhana ya kwanza aliyoniletea ilikuwa lugha, na alikuwa na sababu. Mkoa wa Kigoma una watoto wengi wanaoanza shule wakiwa na Kiha tu. Darasa la kwanza kule Buhigwe au vijijini Kasulu, mwalimu asiyelijali hilo atapoteza nusu ya watoto wake. Ila huku mwambao watu wamechanganyika kwa vizazi na vizazi, Waha, Wabembe, Watongwe, Wamanyema, na Kiswahili ndicho kinachosikika uani na mwaloni. Tena kama lugha ingekuwa kikwazo, isingechagua herufi. Dhana hiyo tukaiweka pembeni.

Tukaitazama rejista. Wale thelathini walikuwa na utoro wa hapa na pale, wengine mbaya zaidi, lakini wengi wao walikuwa na alama ya kuwepo siku nyingi ambazo zile herufi zilifundishwa. Hapo mtu mwingine angechoka. Yeye akauliza swali zuri kuliko yote katika kisa hiki: rejista inaitwa saa ngapi? Ilikuwa ikiitwa asubuhi, ila mwalimu wa darasa, kwa huruma, alikuwa akiwaongeza waliochelewa kabla ya mapumziko, wasihesabiwe watoro. Kwa wiki kadhaa mwanachuo akaandika kwenye daftari lake saa ambayo kila mmoja alitokea mlangoni. Kumbe zipo siku kundi zima linaingia saa tatu na nusu, hata saa nne, mikono ikinuka samaki, na zipo siku nyingi mfululizo ambazo wote wako ndani saa moja na nusu wakifagia. Kusoma ni saa mbili. Mtoto yupo kwenye rejista, hakuwepo kwenye somo.

Mwezi aliugundulia dukani. Ukutani kwa muuza duka jirani palitundikwa kalenda inayoonyesha tarehe za Kiislamu pembeni ya zile za kawaida. Alipozilinganisha na daftari lake, siku za kuchelewa zilirundikana mwisho wa mwezi wa Kiislamu na mwanzo wa unaofuata. Katikati, karibu na tarehe 14, mwezi ukiwa mpevu, darasa lilijaa mapema.

Mtu wa Ujiji au Kibirizi atashangaa kwamba hili lilihitaji kugunduliwa. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola na betri. Mwanga huvuta vijidudu vidogo vya majini, dagaa wakavifuata, nyavu zikawainua. Mwezi ukiwaka, ziwa lote lina mwanga na taa ya mvuvi haina nguvu tena, kwa hiyo kwenye mbalamwezi mitumbwi hupumzika kwa siku kadhaa na nyavu hushonwa. Giza likiwa nene, kila mtumbwi uko majini na alfajiri mwalo unafurika. Dagaa hao lazima watandazwe mapema, kwenye mchanga au kwenye chanja, wakauke kwa jua la siku hiyohiyo. Wakichelewa, au mvua ikiwakuta, wanaharibika au wanaishia kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Wanaotandaza ni akina mama, na mikono midogo inayosaidia kugeuza na kufukuza kunguru ni ya watoto wao.

Mwanachuo hakuwa mtu wa ziwani, alitoka bara. Lakini mwalimu wa darasa anaishi hapo hapo, na giza na mbalamwezi anazijua kama jina lake. Alichokosa ni lile jedwali. Maarifa ya kijiji yalikuwepo upande mmoja na matokeo ya kusoma upande mwingine, na hakuna karatasi iliyokuwa imewahi kuvikutanisha.

Alishuka mwaloni jioni moja pamoja na mwalimu wa darasa. Alimwamkia mama mmoja mwenye watoto wawili shuleni, "Shikamoo mama," akaitikiwa marahaba, na badala ya kuanza na lawama akauliza kazi ya asubuhi inakwendaje, nani anafanya nini, inaisha saa ngapi. Yule mama alimweleza kwa subira. Kazi ngumu ni ya saa moja hadi saa tatu. Baada ya hapo ni kugeuza, na hata mtu mzima mmoja anatosha. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi napenda wanangu wasome. Lakini nikiwaachia wale dagaa, hela ya daftari nitaitoa wapi?" Maneno hayo mwanachuo aliyaandika kwenye ripoti yake bila kuongeza lolote, nami nilimpa alama kwa hilo.

Waliyoyabadili yalikuwa machache. La kwanza lilihitaji ridhaa ya mwalimu mkuu: katika wiki za giza, kipindi cha Kusoma cha darasa la pili kikahamishwa kutoka saa mbili kwenda baada ya uji, na michezo na sanaa vikaja asubuhi. Muda haukupungua hata dakika moja. La pili ni azimio la kazi. Sauti mpya zote zikapangwa kuanza siku za mbalamwezi, wakati darasa limejaa, na wiki za giza zikawa za kurudia, kusoma hadithi fupi, imla na mwandiko. Wapo walioogopa kwamba mdhibiti ubora wa shule atahoji mpangilio huo. Ninavyoelewa mimi, mtaala unataja umahiri ambao mtoto anatakiwa kuufikia, na azimio ni chombo cha mwalimu kuufikia. Mwalimu mwenye jedwali kama lile mkononi ana maelezo ya kutosha kwa mdhibiti yeyote.

La tatu ndilo lililobeba uzito, na ningependa kila mwanachuo alitazame vizuri. Makundi ya darasa yalikuwa yamepangwa kwa uwezo: wanaojua mbele, wa kati, wasiojua nyuma. Mwanachuo aliyavunja. Akapanga makundi ya muda kwa pengo. Watoto wote waliokosa d na n, wakiwemo wawili waliokuwa wakikaa mbele na hakuna aliyejua, wakakaa pamoja dakika ishirini za mwanzo. Waliokosa f na v wakakaa pamoja. Pengo likizibwa, mtoto anatoka kwenye kundi siku hiyohiyo na anapewa kundi jingine au anarudi kwenye usomaji wa kawaida. Kila kundi lilikuwa na kopo la vizibo vya soda vilivyoandikwa herufi kwa kalamu ya wino mzito, na mtoto mmoja anayeijua sauti ile kama msaidizi, anayebadilishwa kila mara ili naye asipoteze masomo yake. Kazi ilikuwa ileile kila siku: itaje sauti, iunganishe na irabu zote tano, tengeneza neno kwa vizibo, lisome, liandike. De-be. Du-ka. Da-da. Hakuna picha.

Nilimtembelea wakati wa kipindi hicho. Yule mvulana wa debe alipanga vizibo vinne, akavitazama kwa muda, akasema "dodo," akacheka kwa nguvu mpaka kundi la jirani likageuka. Alikuwa amesoma neno ambalo halikuwa na kitu cha kumsaidia isipokuwa herufi zenyewe.

Jedwali lilifanya kazi nyingine ambayo haikutarajiwa. Msichana mmoja, naye wa mwaloni, alikuwa na alama za vema tupu chini ya mwembe, karibu herufi zote, ilhali darasani alikuwa wa mwisho. Pengo la giza hakuwa nalo. Alipopewa kadi mkononi alijua, alipoulizwa ubaoni hakujua. Alihamishiwa mstari wa mbele na mzazi wake akashauriwa ampeleke kupimwa macho. Angebaki kwenye lile fungu la "wazito wa mwaloni" mpaka lini?

Suala lilipofikishwa kwenye jumuiya ya ujifunzaji ya shule, ule mkutano wa walimu chini ya MEWAKA, mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, halikupita kirahisi. Mwalimu mmoja wa madarasa ya juu alisimama akasema, "Madam, ukishawapangia Kusoma saa tano umewaruhusu wachelewe. Kesho mzazi atasema shule imekubali." Hoja hiyo ni nzito na siipuuzi. Sheria ya Elimu inafanya elimu ya msingi kuwa ya lazima, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa kufanya kazi, tena nyepesi. Hawa wana miaka saba na minane. Kazi ya mwaloni saa za shule si haki yao kuifanya wala si haki ya mtu kuwapa.

Msimamo wangu ni kwamba vitu hivi viwili havigombani. Shule inaweza kumfuata mzazi kwa sheria na kwa mazungumzo, na wakati huohuo ikahakikisha mtoto anayeingia saa nne anakuta somo la kusoma. Mazungumzo na mzazi yanachukua miezi. Sauti ya d haiwezi kungoja, kwa sababu mtoto akivuka darasa la pili bila kusoma, kuanzia la tatu masomo yote yanamtaka asome ili ajifunze, na la nne linamngoja na upimaji wa kitaifa. Kumwadhibu mtoto kwa kukosa somo ambalo tungeweza kulisogeza ni kumlipisha deni la watu wazima.

Kwa upande wa wazazi, shule ilitumia kikao cha ushirikiano wa wazazi na walimu, mtendaji wa kijiji akiwepo. Akina mama wenyewe walitoa pendekezo la zamu: watu wazima wawili au watatu walinde na kugeuza dagaa wa majirani asubuhi, watoto wadogo waachwe waende. Zamu ilifanya kazi wakati samaki walikuwa wachache. Giza lililofuata lilikuja na mavuno makubwa, na zamu ikavunjika, kila mmoja akarudi kwenye chanja lake na watoto wake. Haikufa kabisa, baadhi ya nyumba ziliendelea nayo, lakini aliyetegemea kikao kimoja kimalize tatizo alikata tamaa.

BTP hiyo ilikuwa ya miezi miwili hivi, maana yake giza mbili tu, na sitaki msomaji aipe ushahidi mkubwa kuliko ulivyo. Wengi wa wale thelathini waliziba mapengo yao ya herufi mojamoja kabla mwanachuo hajaondoka. Maneno ya silabi mbili na tatu walianza kuyasoma peke yao. Konsonanti mwambatano, yaani mb, nd, ng', ny na wenzake, ziliwasumbua bado, na wapo watoto wanne ambao mpango huu haukuwagusa kabisa, kwa kuwa familia zao huhamia kambi za uvuvi za mbali kwa wiki nyingi na kurudi bila taarifa. Hao wanahitaji kitu kingine, na ningeanza na daftari la makabidhiano kati ya shule ya huku na shule iliyo karibu na kambi.

Wanachuo wanaponisikia nikikisimulia kisa hiki huuliza mara moja: tuangalie mwezi? La. Mwaka 2024 uvuvi katika ziwa lote ulifungwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Katika miezi kama hiyo giza na mbalamwezi havina habari, na utoro, kama upo, utafuata shamba au michikichi. Anayepangiwa Urambo au Kaliua, mkoani Tabora, atazame tumbaku: msimu wa kuchuma majani na kuyakausha kwenye mabani unaangukia katikati ya muhula wa kwanza, na hapo mapengo yake yatakuwa marefu, ya wiki mfululizo, si ya kuja na kuondoka. Jedwali ni lilelile, herufi au umahiri juu, majina pembeni. Kalenda ya kuliweka kando yake ndiyo inayobadilika kwa kila mahali.

Fomu nyingi za kutathmini BTP zinatoa alama kwa zana zilizotengenezwa, na wanachuo, kwa haki kabisa, wanatumia hela zao kununua manila na rangi. Ningefurahi kama chuo kingemtaka kila mwanachuo, kabla hajaruhusiwa kutundika chati hata moja, akabidhi jedwali la darasa lake likiwa limejazwa kwa kumsikiliza mtoto mmoja mmoja, na alama za zana zitolewe kwa kuangalia kama zana hiyo inaziba pengo lililopo kwenye jedwali.

Karatasi yenyewe ilibaki shuleni. Mwalimu wa darasa aliongeza safu za konsonanti mwambatano kwa mkono wake, na kwa makubaliano na mwalimu mkuu itapanda na watoto hadi darasa la tatu, pamoja na nakala ya tarehe za giza za muhula unaofuata, zilizonakiliwa kutoka kalenda ya dukani.